Mkono wa Pole Kwenye Korido ya Kaunti

Attracta Gilhooly aliwajua madiwani wa kaunti yetu kwa chai yao. Kwa miaka thelathini na mmoja alisukuma kitoroli chake chenye gurudumu linalolia mpaka ndani ya ukumbi wa baraza, saa tano asubuhi, na kabla diwani hajafungua mdomo kikombe chake kilikuwa kimeshatua mbele yake: huyu sukari mbili, yule maziwa kwanza, wa tatu anajigamba kwamba ameacha sukari lakini ukimtilia hasemi kitu. Alikuwa akiniambia kwamba diwani anayekusudia kupiga kura mbaya hali biskuti yake. Nilimcheka. Nilikuwa mwandishi wa gazeti letu la kila wiki, nikikaa kwenye meza ya waandishi chini ya dirisha, na katika miaka ishirini na sita niliyokaa pale Attracta alibashiri matokeo ya kura vizuri zaidi kuliko mhariri wangu na mimi tukiunganishwa.

Ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo. Mtu aliyejua kuwasoma watu kiasi kile alishindwa kumsoma mmoja tu, na siku yenyewe ilikuwa ile ambayo hakutakiwa kukosea.

Mumewe, Malachy, alikuwa mtu wa barabara. Kaunti ilimwajiri akiwa kijana, ikampa koleo na koti la mpira, akaziba mashimo na kuzibua mifereji mpaka mgongo ukapinda. Katika barabara zote alizozihudumia alikuwa na moja aliyoipenda kupita kiasi: njia ya Killavarry, kilomita moja na nusu tu, yenye mstari wa nyasi katikati, inayotoka barabara kuu na kuteremka mpaka ziwani, pale penye makaburi ya zamani. Hata akiwa likizo alikwenda kuisafisha. Aliiita mke wake wa pili. Attracta alikuwa akimjibu, "Basi mwambie akufulie na soksi."

Kisha ikaja kampuni ya hoteli, ikanunua mashamba pande zote mbili za njia ile. Ilitaka kujenga nyumba ndogo ndogo za wageni kando ya ziwa, na wageni wa aina hiyo hawapendi kumwona bibi wa watu akipita na mwavuli mbele ya dirisha lao. Kampuni ikaiomba kaunti iifute Killavarry kwenye orodha ya njia za umma. Huku kwetu ofisi haiwezi kufuta njia yenyewe. Lazima madiwani wapige kura. Kampuni ilisema haina roho mbaya. Itaweka geti, na wenye wafu wao watafunguliwa kila Jumapili, saa nane mchana hadi saa kumi.

Malachy aliandika pingamizi kwa mkono wake, kurasa nne, akazipeleka ofisini mwenyewe. Wiki mbili baadaye walimkuta kando ya mfereji wa Killavarry, koleo limesimama ardhini na yeye amelala pembeni yake. Moyo. Alikuwa na miaka sitini na tisa.

Tulimbeba mabegani njia nzima ya Killavarry mpaka makaburi ya ziwani, mvua ya barafu ikitupiga usoni. Mbele, upande wa kulia, alikuwa Colm Tansey, diwani wa eneo lile. Hakuna aliyemwomba, alijisogeza mwenyewe akaweka bega. Baba yake Colm alipougua miaka ile, ni Attracta aliyekuwa akipeleka mkate wa soda nyumbani kwao kila Ijumaa, kwa hiyo ilionekana ni haki yake kubeba. Kaburini alivua kofia, maji yakimtiririka kichwani, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Malachy, njia yako haifungwi nikiwa na kura mkononi." Wanawake walilia. Nami nililiandika neno lile, na Alhamisi likatoka gazetini.

Baada ya mazishi tulikula sandwichi za nyama jikoni kwa Attracta. Diwani Packie Mulvey alibaki mpaka wengine wote wakaondoka. Packie alikuwa mzee wa chama kingine, mkulima mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na hakuwahi kuafikiana na Tansey hata juu ya hali ya hewa. Alitoa kipande cha karatasi.

"Kumi kwa nane," alisema. "Tunashinda."

"Na Colm umemhesabu?" Attracta aliuliza.

"Nimemhesabu. Ila kwa penseli."

"Packie, acha hizo! Amembeba Malachy begani."

"Hata mimi nimembeba, na Malachy hakuwahi kunipigia kura siku moja. Alikuwa akiniambia usoni, tena akicheka."

"Basi na wewe nikuandike kwa penseli?"

"Mimi niandike kwa rangi ya ukuta," Packie alisema, akachukua kipande kingine cha mkate.

Lakini Attracta aliichukua ile karatasi, akatafuta kalamu kwenye droo, akalipitishia jina la Tansey wino. Kosa lake lilikuwa hilo, na si lake peke yake. Sisi sote huku tunaamini hivyo: mtu akishaweka bega chini ya jeneza lako, mambo yenu yamekwisha kuwa ya damu. Hatukufikiria kwamba bega ni bega tu, na kwamba mwanasiasa wa kwetu anaweza kukosa kikao cha bunge lakini mazishi hakosi.

Wiki zile zilizofuata Attracta alishuka Killavarry kila asubuhi kwa miguu, na chupa yake ya chai. Alimmiminia Malachy kikombe, akakinywa mwenyewe, akampa habari za kaunti. Nilimsindikiza mara mbili tatu. "Jumapili saa nane hadi saa kumi," aliniambia siku moja. "Miaka arobaini na tatu nimelala naye kitanda kimoja, leo niwekewe saa za kumwona kama mgonjwa wa hospitali." Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimfaa; ilimwamsha asubuhi.

Kikao kilikuwa Jumatatu ya pili ya Aprili. Attracta aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lile lile la mazishi, akaketi viti vya wananchi nyuma ya ukumbi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Njia ya Killavarry ilikuwa ajenda namba saba. Kura ingepigwa kwa kuitwa majina, mmoja mmoja, kila diwani aseme ndiyo au hapana watu wakisikia.

Sasa, kikao chochote cha baraza letu huanza na rambirambi. Kabla ya barabara, kabla ya mabomba, madiwani husimama kwa zamu na kutaja waliofiwa mwezi ule, na hapo utawaona wanavyoshindana: huyu kamtaja shangazi wa fulani, yule anamkumbuka hata mjomba aliyefia ng'ambo. Na kama mfiwa ni mtu wa nyumba ile ya kaunti, yaani mfanyakazi wake, kuna desturi zaidi. Hutolewa nje, akasimamishwa kwenye korido chini ya picha za wenyeviti wa zamani, na madiwani hupanga foleni kumshika mkono. Ukumbini hapana, mkono wa pole hautolewi mahali pa kugombania. Mwenyekiti husema, "Kikao kimesimama kwa dakika kumi," ndipo watu hutoka. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi hata nilikuwa sijui tena kama naisikia.

Tansey ndiye aliyesimama. Alizungumza juu ya Malachy vizuri, siwezi kusema uongo. Alilitaja koleo lake, koti lake la mpira, utani wake wa mke wa pili. Sauti ikamkatika katikati. Kisha akaondoka kwenye kiti chake, akapita kati ya meza mpaka nyuma, akampa Attracta mkono wake na kumtoa nje mwenyewe. Viti vikasogea kwa kelele, watu wakainuka.

Mimi pia niliinuka. Daftari langu nililiacha mezani.

Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu kila mtu alitaka kusema neno. Tansey alikuwa wa kwanza. Alimshika Attracta kwa mikono miwili, macho yamelowa. "Pole sana kwa msiba wako, Attracta," alisema. "Ahsante, Colm, Mungu akubariki kwa maneno yale," Attracta alisema. Nilimwona Tansey akipita pembeni, akaingia ndani kwa mlango mdogo wa upande. Nikafikiri anakwenda kufuta machozi, na hata sentensi ya gazeti nikaitunga palepale.

Waliobaki foleni walikuwa wale tisa wa upande wa Attracta. Wale wanane wa kampuni hawakutoka, na hakuna aliyewashangaa, nani angewataka? Packie alikuwa wa mwisho, na Packie hajui kufupisha kitu. Aliueleza upya mwaka ambao Malachy alimvuta ndama wake kutoka mferejini. Attracta alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Tulikaa pale dakika tisa, pengine kumi.

Tuliporudi kikao kilikuwa kikiendelea. Mwenyekiti, Assumpta Keaveney, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa akisoma juu ya taa za barabarani. Wakaja kwenye ajenda ya tano, wakaja ya sita. Attracta alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti chake, mikono magotini.

"Ajenda namba nane," mwenyekiti alisema.

Packie aliinua kichwa. "Mwenyekiti, umeruka saba."

"Sijaruka kitu, Diwani. Saba imeshapita."

"Imepita wapi? Angani?"

"Imepita humu humu, baadhi yenu mkiwa nje."

"Tulikuwa tunatoa pole! Kikao kilikuwa kimesimama!"

"Nani alikisimamisha?"

Kila mmoja wetu alikuwa akirudi nyuma kichwani, akiitafuta ile kauli ya dakika kumi, na hakuna aliyeipata. Hakuisema. Siku hiyo moja Assumpta Keaveney hakuisema, na sisi tuliinuka kama kuku wanaosikia bati la chakula.

"Katibu!" Packie aliunguruma. "Hebu soma ulichoandika."

Katibu wa kikao alisafisha koo. "Mwenyekiti hakuahirisha wala kusimamisha kikao. Akidi ni wajumbe sita. Waliokuwemo ni tisa. Ilitolewa hoja kwamba ajenda ya saba iletwe mbele na kukubaliwa pamoja na masharti ya geti. Ikaungwa mkono. Hakuna aliyepinga, kwa hiyo majina hayakuitwa."

"Nani alitoa hoja?"

Katibu hakuinua macho. "Hoja ya njia hutolewa na diwani wa eneo. Ni Diwani Tansey."

Nilimtazama Tansey. Alikuwa akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Kelele zilizofuata sijapata kuzisikia tena pale. Mmoja alidai ajenda irudishwe, mwingine akasema kanuni ni kanuni, wa tatu alipiga meza mpaka glasi ya maji ikaanguka. "Tisa mlio ndani mmewavizia tisa walioshika mkono wa mjane!" Packie alisema. "Colm, ungeitwa jina lako ungesema nini? Sema sasa! Ungeweza kusema ndiyo huku anakutazama?"

"Diwani Mulvey, kaa chini," mwenyekiti alisema.

"Sikai! Viti vya humu vimenichafua!"

Nyuma ya ukumbi Attracta alisimama. Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo wote wakanyamaza.

"Colm," alisema. "Umenishika mkono. Hata saa moja haijapita."

"Wananchi hawaruhusiwi kuzungumza kikaoni," mwenyekiti alisema.

"Miaka thelathini na mmoja nawapa chai humu sijawahi kuzungumza. Colm, naongea na wewe."

Tansey alilazimika kugeuka. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Attracta, sikiliza. Wangeipata tu, leo au mwakani. Wana mawakili. Mimi nimekuhakikishia Jumapili yako, imeandikwa, imetiwa muhuri. Bila mimi usingepata hata hiyo."

"Jumapili yangu," Attracta alisema. Alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, mpaka cha shingoni, akatoka. Nilimkimbilia. Kwenye korido alikuwa amesimama palepale tulipomwekea foleni, akiitazama mikono yake. Aliniuliza, "Na wewe ulijua?" Nilimwambia sikujua. Aliniangalia muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sikuwa na uhakika kama ananiamini. Nisingemlaumu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti kile na kusikia, na niliacha daftari langu mezani.

Ijumaa aliletewa barua mbili kwa posta moja, zote zina nembo ya kaunti. Moja ilikuwa ya rambirambi: baraza linaungana na familia katika kipindi hiki kigumu. Nyingine ilimtaarifu, kwa kuwa alikuwa mwenye pingamizi aliyerithi pingamizi la marehemu, kwamba njia ya Killavarry imefutwa. Tarehe ilikuwa moja na sahihi ilikuwa moja. Wakili wa mjini alimwambia anaweza kwenda mahakama kuu, itachukua miaka miwili mitatu. Attracta alimuuliza kama mahakama kuu itamfungulia geti kesho asubuhi. Kisha akamshukuru wakili, akaondoka.

Alirudi kazini mwezi Mei kwa kikao kimoja tu. Gurudumu lililia kama kawaida. Kila diwani alipata chake, hata wale wanane, hata Assumpta Keaveney, maziwa kwanza. Mbele ya Tansey meza ilibaki tupu. Alingoja, akatazama kulia na kushoto, mwishowe akajikaza kutabasamu.

"Attracta, umenisahau."

"Sijakusahau," Attracta alisema, akasukuma kitoroli akapita. Juni alistaafu.

Geti liliwekwa Julai, la chuma cheusi, na mlinzi mwenye saa kubwa mkononi. Majirani wa Killavarry walilalamika wiki mbili, wakazoea. Attracta hakuzoea. Kila Jumapili nilimchukua kwa gari langu, kwa sababu sasa lazima uzunguke na kusubiri barabarani, na kila Jumapili saa kumi kasorobo mlinzi alianza kutembea kati ya makaburi akipiga funguo kwenye paja. Chai ya Malachy ilinywewa haraka haraka. Kuna habari nyingi za wiki nzima ambazo haziingii katika saa mbili, na nyingine alizisahau njiani kurudi, akawa ananiambia mimi, nami sikuwa Malachy.

Novemba mama yake Colm Tansey akafariki. Philomena alikuwa mwanamke mpole, mwenye mikono baridi na moyo wa joto, na kila mtu alidhani atazikwa mjini kando ya mumewe. Lakini siku za mwisho aliwaomba watoto wake wampeleke kwa wazazi wake, kwenye makaburi ya ziwani, jirani na alikozaliwa na kukulia akisikia bata. Kampuni ilifungua geti siku ya mazishi, mazishi wanaruhusu. Attracta alikwenda. Alisimama foleni ya pole kama sote, akamshika mkono dada mtu, akamshika kaka mtu, wa Colm akauruka akaendelea kwa shangazi. Kaunti nzima iliona.

Jumapili iliyofuata tulifika getini mapema kidogo. Kulikuwa na gari moja limeegeshwa, na kando ya geti alisimama mwanamume bila kofia kwenye manyunyu, ameshika maua meupe yaliyofungwa kwa karatasi ya duka. Alikuwa Colm. Kwa mbali ndani, mlinzi alikuwa amekaa kwenye kibanda chake anakunywa kitu cha moto. Colm alimpungia mkono. Mlinzi akatazama saa yake, akaendelea kunywa.

Attracta alishuka na chupa yake ya chai, akaja kusimama kando ya nguzo nyingine ya geti, na chuma cheusi kati yao na kaburi la kila mmoja. Sikushuka, lakini niliteremsha kioo. Safari hii nilitaka kusikia.

Maua yalikuwa yanalowa. Colm alijaribu kitasa, kikagoma, akajaribu tena. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala tangu mama yake aondoke, na nadhani kwa sekunde moja alisahau anazungumza na nani.

"Wamechelewa kufungua," alisema.

"Hawajachelewa, Colm," Attracta alimwambia. "Wewe ndiye umewahi. Utazoea."